Tujengeeni benchi la kupimia injini za gesi

Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Nishati, viongozi wa TPDC (shirika la mafuta na gesi), EWURA (wadhibiti wa nishati), LATRA (wadhibiti wa usafiri wa ardhini) na TBS (shirika la viwango), na wakuu wa vyuo vyetu vya uhandisi

Waheshimiwa,

Shikamooni mnaostahili kuamkiwa, na wengine habari za kazi.

Mezani kwangu hapa gereji, Tabata, kuna silinda hedi ya injini ya 1NZ, ile ya Toyota IST. Imetoka kwenye gari la kijana wa teksi mtandao aliyefunga mfumo wa gesi mwaka juzi. Alikuja akilalamika kwamba asubuhi gari linatetemeka kama lina homa, na likipanda kutoka Ubungo kwenda Kimara linaishiwa pumzi. Nikapima kompresheni: silinda tatu ziko sawa, ya nne karibu haina kitu. Nilipofungua nikakuta siti za valvu za ekzosi, zile pete za chuma ambazo valvu hukalia ikijifunga, zimeliwa, valvu zimezama, klirensi, yaani ule mwanya mdogo unaoiwezesha valvu kufunga kabisa, imekwisha. Valvu ikifika hapo haifungi tena. Moto unapita pembeni yake na kuichoma kingo. Matengenezo yakamla akiba aliyoikusanya kwa miezi mingi ya kujaza gesi badala ya petroli.

Sikuwalaumu waliomfungia. Nami nafunga mifumo ya namna hiyohiyo, kwa vifaa hivyohivyo, na yaliyomkuta yeye yanaweza kuwa njiani kwa wateja wangu. Ila aliniuliza swali moja ambalo sijalala nalo vizuri: "Sasa fundi, gesi yetu ina ubaya gani?"

Gesi haina ubaya wowote. Injini ndiyo haikutengenezwa kwa ajili yake, na sisi tumezifungisha ndoa bila kuzifanyia uchumba.

Niseme kwanza sifa za gesi yenyewe, maana nikianza na malalamiko tu mtasema fundi ametumwa na wauza petroli. Ya Songosongo iligunduliwa mwaka 1974, ikakaa chini ya kisiwa miaka 30 mpaka ilipoanza kuzalisha umeme Dar es Salaam mwaka 2004. Ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982. Mwaka 2015 bomba kubwa la kutoka Mtwara likakamilika, na ukijumlisha na iliyoko baharini kwenye kina kirefu, tunaambiwa akiba yote ya nchi ni futi za ujazo trilioni 57. Lakini kwa mtu wa injini, la kufurahisha zaidi ni usafi wake. Gesi ya Songosongo ni metani, ile hewa inayowaka, kwa takriban asilimia 97, na haina ile salfa inayonuka mayai viza. Ziko nchi zinazotumia fedha nyingi kuisafisha gesi yao mpaka ifike hapo ambapo yetu inatokea kisimani. Kilo yake moja ina nguvu ya lita moja na nusu ya petroli, na mimi nimezoea kuinunua kwa kama shilingi 1,550. Ndiyo maana foleni kwenye vituo vya gesi haziishi, na ndiyo maana kijana wa teksi mtandao yuko tayari kukopa milioni na ushee afunge mtungi kwenye buti na akose mahali pa kuweka mabegi ya abiria.

Tena si kitu cha majaribio. Injini ya gesi ni kaka mkubwa wa injini ya petroli. Nikolaus Otto, Mjerumani aliyefanikisha injini ya mipigo minne mwaka 1876, aliiendesha kwa gesi ya makaa ya mawe, ile iliyokuwa ikiwasha taa za mijini. Petroli ilikuja baadaye, ikapendwa kwa sababu inabebeka. Tangu hapo watengenezaji wametumia zaidi ya miaka 100 kuirekebisha kila nukta ya injini ndogo ili ipendezwe na petroli: umbo la chumba cha kuunguzia, muda wa cheche, chuma cha siti, masega ya kusafishia moshi kwenye ekzosi. Sisi tunachukua injini hiyo, tunaibandika regyuleta ya kupunguza presha na nozeli nne za gesi, tunaiambia: kula hiki.

Naombeni mnivumilie nieleze kinachotokea ndani, kwa sababu hoja yangu yote imelala humo.

Metani haigongi kirahisi, yaani hailipuki yenyewe ndani ya silinda kabla ya wakati. Oktani, kipimo cha uvumilivu huo, ya petroli ya kwenye vituo vyetu ni tisini na kitu. Ya metani inavuka 120. Maana yake unaweza kuigandamiza zaidi kabla ya kuiwasha, na kadiri unavyogandamiza ndivyo unavyovuna kazi nyingi kutoka kwenye gramu ileile. Hiyo 1NZ ina uwiano wa mgandamizo wa 10.5 kwa moja. Honda walipotengeneza Civic yao ya gesi kiwandani waliupandisha mpaka 12.5. Tofauti hiyo tunaitupa kila siku, kila gari. Halafu gesi inaingia ikiwa hewa, si matone. Ndani ya mchanganyiko sahihi inachukua karibu sehemu moja kati ya kumi ya nafasi, na nafasi hiyo ingekuwa ya hewa ya kuunguzia. Hapo ndipo pumzi za kupandia Kimara zinapopotelea, wala si mkosi wa gari.

Moto wa metani nao unatembea polepole kuliko wa petroli. Cheche inatakiwa itangulie kidogo, ili moto uwe umeshakomaa pistoni inapoanza kushuka. Mifumo ya bei nafuu inaacha taiming, yaani muda wa cheche, ileile ya petroli. Moto unachelewa, unaendelea kuwaka wakati valvu ya ekzosi imeshafunguka, na joto lote linamwagikia siti. Ukijumlisha na kwamba gesi ni kavu, haiachi utando wowote wa kulainisha pale valvu inapogonga, mnapata silinda hedi iliyo mezani kwangu. Kuna vifaa vya kusogeza taiming mbele, na baadhi yetu tunavifunga. Tunavisogeza kiasi gani? Kwa sikio. Kwa kuendesha mpaka Buguruni na kurudi. Ukisogeza mno, joto ndani ya silinda linapanda na oksidi za naitrojeni zinaongezeka, zile zinazochoma mapafu ya wauza maji na karanga kwenye taa za barabarani. Mahali pazuri kati ya huku na huku papo. Mwenye vipimo angepapata kwa wiki mbili, ila sikio langu halipapati.

Sasa twende kwenye ekzosi, ambako ndiko tunakojisifu zaidi.

Tunasema gesi ni safi, na kwa macho ni kweli: nyuma ya gari la gesi huoni moshi mweusi. Mimi nilikaa na kalamu nikapiga hesabu. Kilo moja ya metani ikiungua yote inatoa hewa ukaa kilo 2.75. Petroli ya nguvu ileile, lita moja na nusu, inatoa karibu kilo 3.5. Tumeokoa gramu 700 hivi, na si haba. Lakini metani ambayo haikuungua, iliyopenya ikatoka ilivyoingia, inapasha dunia joto mara 28 hivi kuliko uzito uleule wa hewa ukaa ukihesabu kwa miaka 100. Ukihesabu kwa miaka 20 ni zaidi ya mara 80. Gawanya 700 kwa 28. Unapata 25. Yaani katika kila kilo ya gesi ninayomjazia mteja, gramu 25 zikitoroka bila kuungua, sifa yote ya usafi kwa upande wa hali ya hewa imekwisha. Kwa hesabu ya miaka 20 hata gramu tisa zinatosha kuimaliza.

Gramu 25 kwenye kilo huzioni, na kwa kuwa gesi inayotoka imeshachanganyika na hewa moto ya ekzosi, huzinusi. Kuna pembe nyingi za kujifichia: ule mwanya kati ya pistoni na ukuta wa silinda juu ya ringi ya kwanza, ile nukta ambayo valvu ya kuingizia na ya kutolea zote ziko wazi, ile silinda iliyokosa cheche kwa sababu plagi imechoka. Kazi ya kumalizia mabaki hayo ni ya katalisti, yale mafundi tunayoyaita masega. Bahati mbaya, katika haidrokaboni zote metani ndiyo ngumu kuliko zote kuvunjika. Masega ya petroli yanaanza kazi yakifika nyuzi 300 hivi. Kwa metani yanahitaji kuvuka 400, na yanahitaji paladi, madini ya thamani, ya kutosha ndani yake. Gari lililokaa kwenye foleni ya Tazara dakika 40 halina joto hilo. Na hapo nazungumzia magari ambayo masega bado yapo. Mengi yalishatolewa yakauzwa, na aliyeyatoa akampa mwenye gari maneno matamu kwamba sasa litapumua.

Kwa hiyo nikataka kujua. Nilichukua IST yangu mwenyewe, niliyoifunga kwa mikono yangu, nikaenda kutafuta wa kuipima. Ofisi ya kwanza walinitazama kama mtu anayejishtaki. Ya pili walikuwa na kipimo cha moshi kinachosoma monoksidi ya kaboni na haidrokaboni zote kwa jumla, hakitenganishi metani, na betri yake ilikuwa imekufa. Ya tatu niliambiwa niandike barua. Niliandika. Hii ni ya pili, nayo nimeona niiweke wazi ili isipotelee kwenye faili.

Chuo cha DIT, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, kinafundisha na kufunga mifumo ya gesi, na vijana wanaotoka pale wanajua kazi, nimeajiri wawili. Wanachokosa ni kile ninachokikosa mimi, nafasi ya kuiona injini ikifanya kazi chini ya mzigo huku kila kinachoingia na kinachotoka kinapimwa kwa gramu. Bila hapo, ufundi wetu wote ni wa kukariri maelekezo ya kit iliyotoka ng'ambo, yaliyoandikwa kwa gesi ya huko na barabara za huko.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba injini bora za gesi tunazo hapahapa mjini. Kituo cha umeme cha Ubungo chenye megawati 102, na kile cha Tegeta chenye megawati 45, vinaendeshwa na injini za pistoni za Wärtsilä kutoka Finland, zilizozaliwa kuwa za gesi. Ndani yake kuna chumba kidogo pembeni ya chumba kikubwa. Mchanganyiko wa humo kidogo unakolezwa, unawashwa kwa plagi, halafu ndimi za moto zinaruka kuingia kwenye chumba kikubwa ambako gesi imechanganywa na hewa nyingi, ni nyepesi mno kiasi kwamba cheche ya kawaida isingeishika. Moto unaenea haraka, joto halipandi kupita kiasi, oksidi za naitrojeni zinabaki chini. Kampuni hiyohiyo leo inauza injini za gesi zinazovuka asilimia 50 ya ufanisi. Gari la petroli la kawaida likifika 35 linashangilia. Ni wanafunzi wangapi wa uhandisi wanaopita nje ya uzio ule wa Ubungo kila asubuhi kwenye daladala, bila kuambiwa kilichomo? Mheshimiwa Waziri, hata ziara ya siku moja kwa mwaka ingekuwa mwanzo.

Wenzetu waliotangulia wametuachia mafunzo mawili. Delhi, baada ya amri ya Mahakama ya Juu ya India ya mwaka 1998, mabasi ya dizeli yalikuwa yameondolewa kufikia mwisho wa 2002 na yakaingia ya gesi. Watu waliona tofauti kwa macho. Lakini watafiti walipozipima bajaji za mipigo miwili zilizogeuzwa kuwa za gesi, walizikuta bado zinatoa moshi wa oili, na metani isiyoungua kwa wingi. Asingepima mtu, zingeendelea kuitwa safi. La pili ni California. Mwaka 2015 injini ya basi ya lita 8.9 ya Cummins Westport ilithibitishwa kutoa oksidi za naitrojeni kwa asilimia 90 chini ya kiwango cha sheria ya Marekani ya 2010. Mlango wa utafiti huo ulifunguliwa kwa fedha za umma, kwa kuwa serikali ya pale iliamua kwanza inataka hewa ya namna gani, ndipo ikawauliza wahandisi.

Ninachoomba, waheshimiwa, ni chumba kimoja. Kiwe Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au DIT, vyuo mtayamaliza wenyewe. Ndani kiwe na dainamomita ya kubebeshea injini mzigo, roli za kupandishia gari zima, kipimo cha gesi inayoingia kwa gramu, sensa ya mgandamizo ndani ya silinda, na kichambuzi cha moshi kinachoitaja metani kwa jina lake. Siku mbili kwa wiki kiwe wazi kwa mafundi wa mitaani, kwa malipo. Nasisitiza hilo la mafundi. Nimeona maabara zinazofunguliwa kwa utepe na kufungwa kwa kofuli.

Msianze na injini ya ndoto. Anzeni na 1NZ na injini ya bajaji, kwa sababu ndizo zilizoko barabarani. Tafuteni taiming inayofaa kwa metani ya asilimia 97, mzigo kwa mzigo, muitangaze bure ili kila gereji iiingize kwenye kontrolboksi. Tafuteni chuma cha siti ambacho mafundi wa kukereza wa Gerezani wanaweza kukitengeneza na kukipachika, maana wale mabwana mkiwapa kipimo sahihi hawashindwi. Bajaji ambayo haitarudi petroli tena haina sababu ya kubaki na mgandamizo wa petroli. Jaribuni pistoni yenye kichwa kirefu, muone inaokoa gesi kiasi gani kabla injini haijaanza kulalamika. Kisha mje kwenye malori. Dizeli inayochanganywa na gesi kwenye hewa ya kuingilia ina ugonjwa wake: lori likiwa halina mzigo mkubwa, gesi inakuwa nyepesi mno humo ndani, moto haufiki pembeni, na metani inatoka nzimanzima. Kabla hatujageuza malori ya kwenda Tunduma, jambo hilo linataka kujulikana kwa namba.

EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi inatutangazia bei kikomo za mafuta, na nchi nzima inasikiliza. Kwenye vituo vya gesi itangazwe vilevile gesi ya siku hiyo ina metani kiasi gani. Gesi ya Songosongo na ya Mnazi Bay hazipishani sana, najua, ila anayeweka taiming hawezi kufanya kazi kwa "hazipishani sana". LATRA na TBS, gari likifungwa mfumo lipimwe ekzosi, na lisilo na masega lirudishwe. Nitakuwa wa kwanza kupata hasara kwa sheria hiyo na bado naiomba. Na mabasi ya mwendokasi ya gesi yanayokwenda Mbagala yawe sehemu ya utafiti: hakuna chuo duniani kisichotamani kundi la mabasi ya aina moja, njia moja, yanayojaza mahali pamoja kila siku.

Fedha? Tunayo Sheria ya Usimamizi wa Mapato ya Mafuta na Gesi ya mwaka 2015, na mfuko uliozaliwa nayo. Sitawafundisha kazi ya bajeti. Nasema tu kwamba gesi inayochimbwa ili ilipie chumba cha kujifunza kuiunguza vizuri haijaenda mbali na nyumbani.

Wapo watakaosema nimechelewa, kwamba Bwawa la Julius Nyerere lina megawati 2,115 na bajaji za umeme zimeshaanza kuonekana. Zije, nitazitengeneza pia. Lakini gari la kijana yule lina miaka 20 na bado analipa mkopo wa mtungi, halitupi kesho. Magari ya namna yake yatapita kwenye barabara hizi miaka mingine kumi na zaidi, na kila kilo watakayochoma itakuwa imechomwa vizuri au vibaya.

Silinda hedi nimeihifadhi, sijaipeleka kwa wanunua vyuma chakavu. Siku chumba kikifunguliwa nitaileta ikatwe, wanafunzi waone siti ilivyozama. Na IST yangu ipandishwe ya kwanza kwenye roli. Mtungi nitauleta umejaa, na namba zitakazotoka, hata zikiniaibisha, bandikeni ukutani.

Wenu,
Fundi wa gesi, Tabata, Dar es Salaam